Nyimbo za Kijapani za kiangazi: nianze na CD niliyoikuta ndani ya gari

Mkuu, umeuliza nyimbo za pop za Kijapani za kusikiliza msimu wa joto, na umesema unataka za kuchangamsha watu ufukweni. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nyimbo hizi nimeishi nazo miaka mingi, na kwa sababu nadhani ukizitafuta kwa kigezo cha kuchangamsha tu utazipita zilizo bora.

Mwaka 2016, mwezi wa Desemba, nilitoa gari bandarini Dar, Ist ya mtumba. Aliyewahi kutoa gari la Japani anajua: ukiwasha, dada mmoja anakuarifu kwa Kijapani kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara, na redio inaishia 90, maana FM ya kule inaanzia 76. Stesheni zetu nyingi huzipati mpaka ufunge kile kidude cha kubadilisha masafa. Mimi sikuwa nimekifunga. Nikiwa kwenye foleni ya Kilwa Road, madirisha wazi, nikabonyeza kitufe cha CD kubahatisha tu. Nikasikia diski inazunguka, halafu gitaa. Mwenye gari alikuwa ameisahau humo CD aliyoichoma mwenyewe. Juu yake ameandika herufi moja tu kwa kalamu nene nyeusi: 夏. Nilikaa nayo wiki kadhaa kabla mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliyekuwa anafundisha hesabu shule ya jirani, hajanisomea. Natsu. Kiangazi.

Gitaa lile lilikuwa la Tatsuro Yamashita, wimbo Sparkle. Anaanza peke yake, anazikwaruza nyuzi za gitaa la umeme haraka na kwa usafi kiasi kwamba kila mkwaruzo unausikia umesimama mwenyewe, kisha ngoma, besi na matarumbeta vinaingia kwa pamoja kama mlango uliosukumwa na upepo. Maneno aliandika Minako Yoshida. Wimbo huu unafungua albamu ya For You, iliyotoka Januari 1982, yaani Japani ikiwa kwenye baridi kali, na jalada lake ni mchoro wa Eizin Suzuki uliojaa jua. Sisi Januari ndiyo kaskazi imeshika, shati limeganda mgongoni. Kwa hiyo wimbo huu sisi tunaweza kuusikiliza katika joto kwa tarehe ileile uliyotoka, jambo ambalo wenyewe hawana. Huu ndio wa kuchangamka uliokuwa unautafuta. Uweke asubuhi, sauti juu.

Lakini zilizofuata kwenye CD ile zilinishangaza. Muziki mwepesi, wa jua, na bado kuna kitu kinavuta chini. Mwalimu yule ndiye aliyenifumbua macho alipoanza kunitafsiria beti, na mwaka 2018 nikaja kukiona mwenyewe nilipokwenda mafunzoni Yokohama kwa wiki 6, Julai hadi Agosti. Kiangazi chao ni kifupi. Juni mpaka katikati ya Julai ni mvua za tsuyu. Zikikatika, jua linawaka, nyenje wanalia kutoka kila mti mpaka inabidi mpandishe sauti mkizungumza. Katikati ya Agosti inakuja Obon, siku za kuzikaribisha roho za wazee nyumbani na kuzisindikiza tena. Mwisho wa Agosti likizo za shule nyingi zimekwisha. Sisi pwani joto halituagi, linaondolewa na masika na tunashukuru. Wao wanalililia. Wimbo wa kiangazi wa Kijapani, tangu ubeti wa kwanza, unajua kwamba muda unakwenda.

Chukua Kimi wa Tennenshoku wa Eiichi Ohtaki, kutoka A Long Vacation, Machi 1981. Ukisikia tu unavyoanza, piano inajaribiwa noti, vijiti vya ngoma vinahesabu, halafu ukuta mzima wa magitaa na mapiano, utadhani ni furaha tupu. Jina lake ni kama kusema "wewe u katika rangi halisi". Aliyeandika maneno ni Takashi Matsumoto, mwenzake Ohtaki tangu kundi la Happy End. Wakati kazi hii inaandaliwa, dada mdogo wa Matsumoto alifariki. Matsumoto amesimulia kwamba alipotembea mitaani Tokyo baada ya msiba, mji ulimpotea rangi machoni, akamwomba Ohtaki atafute mwandishi mwingine. Ohtaki akakataa, akasema albamu itasubiri. Ikasubiri. Na maneno yalipokuja, kiitikio kinasema kumbukumbu zimebaki nyeusi na nyeupe, na kinaomba zipakwe rangi. Mimi nilikuwa nimeimba kiitikio kile kwa kukariri sauti, mwaka mzima, kwa furaha. Siku nilipoambiwa hilo nilisimamisha gari pembeni.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitafuta zote moja moja.

Aoi Sangoshō wa Seiko Matsuda, Julai 1980, jina lake "mwamba wa matumbawe wa buluu", ulitumika kutangaza aiskrimu. Unaanza moja kwa moja na kiitikio, sauti juu kabisa, hakuna kusubiri. Vijana wengi wameujua Juni 2024, Hanni wa kundi la Kikorea la NewJeans alipouimba ukumbini Tokyo Dome. Natsuiro wa Yuzu, 1998, ni vijana wawili waliokuwa wakipiga gitaa mtaani Isezakicho, Yokohama. Picha yenyewe ni baiskeli inayoteremka mteremko mrefu, umempakia mtu nyuma, umebana breki ili msifike chini upesi. Umeona? Hata kwenye furaha wanabana breki.

Southern All Stars huwezi kuwaacha. Walianza Juni 1978, na kiongozi wao Keisuke Kuwata ni mtu wa Chigasaki, mji wa pwani nusu saa hivi kwa treni kutoka Yokohama. Nilikwenda Jumapili moja kwa ajili hiyo tu. Stesheni ya Chigasaki, milango ya treni inapokaribia kufungwa, wimbo mfupi unaopigwa ni wa kwao, Kibō no Wadachi. Niliziachia treni tatu ziondoke ili niusikie tena. Wa kuanza nao kwa msimu wa joto ni Manatsu no Kajitsu, 1990, wa polepole, wa kusikiliza usiku feni ikizunguka. Ukisikia muziki wake ukahisi unaujua, huenda umewahi kumsikia Jacky Cheung wa Hong Kong, aliyeuimba kwa Kichina.

Kuna vijana humu wanaopenda katuni za Kijapani; hao watakuwa wanaujua Secret Base kupitia Anohana ya 2011. Wenye wimbo ni ZONE, wasichana wa Sapporo, na ulitoka tarehe 8 Agosti 2001. Rafiki anahama kiangazi kikiisha, na wanaahidiana kukutana tena Agosti, baada ya miaka 10. ZONE walikuwa wameshaachana zamani. Agosti 2011 wakarudi jukwaani. Sijui bendi nyingine iliyotimiza ahadi ya wimbo wake namna hiyo.

Kwa wimbo unaofuata naomba utulie. Shima Uta wa The Boom haumo kwenye CD yangu, niliupata Yokohama. Kama singo ulitoka kwanza 1992 kwa lugha ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, kisha 1993 toleo lililouzwa zaidi ya nakala milioni moja. Ukiusikiliza bila kujua, ni wimbo wa mapenzi wa kisiwani: maua mekundu ya mti uitwao deigo, upepo, mawimbi, wawili wanakutana kwenye shamba la miwa na kuagana hukohuko. Kazufumi Miyazawa, ambaye kwao ni Yamanashi, aliuandika baada ya kutembelea makumbusho ya Himeyuri kule Okinawa na kumsikiliza manusura. Himeyuri walikuwa wanafunzi wa kike na walimu wao 240 waliopelekwa kuuguza wanajeshi katika vita vya Okinawa mwaka 1945, 136 walikufa. Watu walijificha mapangoni, na juu ya mapango ile miwa. Kuagana kwa kwenye wimbo ndiko huko.

Sasa sikiliza na muziki wenyewe. Sehemu kubwa ya wimbo iko kwenye mpangilio wa sauti wa Okinawa, ambao hauna noti za re wala la, na sanshin, ala ya nyuzi tatu ya huko, inapigwa. Ikifika ile sehemu ya miwa, muziki unahama, unaingia mpangilio wa Japani bara. Miyazawa amesema alifanya hivyo makusudi, kwa sababu vita ile na vifo vile vililetwa kutoka bara, na asingeweza kuviimba kwa sauti ya Okinawa. Baada ya kulijua hilo, mhamo ule mdogo unausikia kila mara. Huu usiuweke ufukweni penye kelele.

Za karibuni ninazokushauri ni mbili. Wakamono no Subete wa Fujifabric, 2007, unaoanza na mtabiri wa hali ya hewa wa runinga akisema kilele cha joto kimepita, kisha mtu anakwenda kutazama fataki za mwisho za msimu. Mwandishi wake, Masahiko Shimura, alifariki Desemba 2009 akiwa na miaka 29. Na Uchiage Hanabi wa DAOKO na Kenshi Yonezu, 2017, nao ni wa fataki. Huu utaupata kirahisi. Yamashita itabidi umtafute kwa CD, kwa miaka mingi amekuwa akikataa kuweka kazi zake kwenye programu za kusikilizia.

CD yangu inaishia na Shōnen Jidai wa Yosui Inoue, 1990. Piano, sauti pana, hana haraka. Mstari wa kwanza unasema kiangazi kimepita, na papo hapo unataja ua, kazaazami. Mwalimu aliponitafsiria alifika hapo akakwama, akafungua kamusi, akafunga. Ua hilo halipo. Inoue alilitunga jina kwa sababu lilikaa vizuri mdomoni, na Wajapani wameliimba mpaka kila mtu analiona. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaliona tayari, dogo, la zambarau, pembeni ya njia ya vumbi. Ukiupata wimbo huo, rudi hapa uniambie lako lina rangi gani.