Nani alikwenda na tepu?

Kigamboni, Dar es Salaam
Februari

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu mama yako akiwa pembeni anacheka. Unasema mwenzako wa ofisini hapo Dodoma alisoma kwamba nyota ya Shira, ile ambayo Wazungu wanaiita Sirius, iko umbali wa miaka 8.6 ya nuru, akaguna, akauliza: "Nani alikwenda huko na tepu?" Na wewe, mtoto wa mpima ardhi uliyebebeshwa vigingi tangu darasa la tatu, ukakosa la kumjibu. Nimeona nikuandikie, maana sauti za simu hupotea, na humu kuna hesabu mbili tatu nataka uzipige mwenyewe. Wewe ni mhasibu, hazitakushinda.

Mwambie kwanza kwamba hata baba yako hakwenda na tepu. Unakumbuka siku ile pale Kivukoni, tunasubiri pantoni, ukaniuliza mkondo una upana gani? Nilikuonyesha nguzo moja ng'ambo, huku Kigamboni. Nikasema: nasimama hapa, nailenga kwa mashine, nasoma pembe. Natembea mita mia kando ya maji, nailenga tena, nasoma pembe ya pili. Nina upande mmoja wa pembetatu na pembe mbili. Nguzo haina pa kujificha. Sikulowesha hata kiatu. Kilichohama ni mimi, na nguzo kwa macho yangu ikaonekana imehama kidogo mbele ya minazi iliyo nyuma yake. Kazi yetu yote ilikuwa kupima huko kuhama.

Wanafalaki wanafanya hivyohivyo. Sisemi wanajimu, maana watu watafikiria wale wa kutabiri ndoa magazetini. Tofauti yao na mimi ni urefu wa mstari wa msingi. Mita mia za Kivukoni kwa nyota ni sawa na kutosogea. Kwa hiyo wanaipima nyota leo, kisha wanakaa miezi sita waipime tena. Ndani ya miezi hiyo Dunia imewabeba hadi upande wa pili wa Jua, karibu kilomita milioni 300 kutoka pale walipokuwa, bila nauli. Nyota ya karibu itaonekana imesogea mbele ya zile za mbali. Nusu ya msogeo huo ndiyo pembe wanayoitafuta.

Na hapo ndipo kazi ilipowashinda watu kwa karne nyingi, kwa sababu pembe yenyewe ni ndogo kupita kiasi. Mashine yangu ya zamani, Wild T2, ilisoma hadi sekunde moja, yaani digrii moja ya pembe imegawanywa mara 3,600, nasi tukijiona mabingwa. Rijili Kantori, jirani yetu wa karibu baada ya Jua, ina pembe ya robo tatu ya sekunde. Chukua sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu, mpe mtu aishike Manzese, wewe usimame Posta. Unavyoiona sarafu ile ndivyo pembe hiyo ilivyo. Tena hiyo ni nyota ya karibu.

Nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Mwaka 1986 tulikuwa tunapima viwanja upande wa Mbezi, mikorosho imefunga kila mahali. Badala ya kufyeka njia nipate mstari mrefu, niliridhika na wa mita 30, nikalenga bikoni, ile alama ya zege ya wapima ardhi, iliyo kama kilomita moja na mita mia mbili. Pembetatu yangu ikawa nyembamba kama sindano. Nilikosea pembe kwa sekunde kumi tu, saa sita mchana, hewa inatetemeka juu ya mabati. Sekunde kumi zile zikazaa zaidi ya mita mbili kule mbele, na majirani wawili wakashtakiana kwa ajili ya mchongoma. Kazi ikarudiwa, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo mtu akinitajia umbali siulizi kwanza ni ngapi. Namuuliza alisimama wapi na wapi, na anakiri kosa la kiasi gani.

Ndiyo maana nampenda Thomas Henderson. Mwaka 1832 na 1833 alikuwa huku kwetu Afrika, Rasi ya Tumaini Jema, akiipima Rijili Kantori, nyota ambayo hata hapa Kigamboni tunaiona upande wa kusini. Vipimo alikuwa navyo, lakini hakuviamini upesi, akakaa navyo. Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza mwaka 1838 umbali wa nyota nyingine, 61 Cygni, na sifa ya kuwa wa kwanza ikawa yake. Henderson akatangaza chake mwaka 1839. Bessel alisema karibu miaka 10.3 ya nuru. Leo tunajua ni 11.4. Kwa vyombo vya shaba na macho ya mtu, si haba. Mwaka mmoja wa nuru, kama mwenzako hajui, ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima, kilomita 300,000 kila sekunde: inakuja karibu kilomita trilioni 9.5.

Hewa ileile iliyonitia aibu Mbezi ndiyo inayofanya nyota zimetemete, kwa hiyo hatimaye walipeleka mashine juu ya hewa. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia kilirushwa Desemba 2013 kikapima hadi Januari 2025, nyota karibu bilioni mbili. Kwa zile zinazong'aa vya kutosha, usahihi wake ni kama kukaa Dar ukapima unene wa unywele ulioko Kigoma. Nilipolisoma hilo niliweka miwani chini.

Umbali ukishaupata, mwanga unakuwa mwepesi. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kutoka hapa ufukweni naziona taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zote zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Moja inang'aa kuliko nyingine zote. Ni taa kubwa, au imekaribia tu? Macho hayawezi kukujibu. Lakini mtu akikwambia iko mbali kiasi gani, umemaliza, kwa sababu mwanga una sheria yake: ukienda mbali mara mbili unakufikia robo, mara tatu unakufikia sehemu moja ya tisa. Nuru ni ileile, imetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi.

Sasa shika kikokotoo. Mwezi huu, saa tatu usiku, Shira iko karibu na utosi. Geukia kusini utaiona Suheli, ile ya manahodha, ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku. Kwa macho, Shira inaizidi Suheli kama mara mbili. Shira iko miaka 8.6 ya nuru, Suheli karibu 310. Gawanya, utapata 36. Zidisha 36 kwa 36, karibu 1,300. Kata nusu, kwa kuwa Shira inaonekana mara mbili. Maana yake Suheli, kwa mwanga huu wa kuonekana kwa macho, inawaka zaidi ya mara 600 kuliko Shira! Shira ni karabai iliyosogea ufukweni. Suheli ni meli nzima imewasha taa, iko mbali.

(Ukiona mahali mng'ao umeandikwa kwa namba, usishangae Shira kupewa hasi 1.46. Wamerithi mpangilio wa Wagiriki, kama nafasi za darasani: namba ndogo ndiyo bora. Hatua tano ni tofauti ya mara 100. Mimi ningeubadilisha, lakini hawajaniuliza.)

Mwenzako akiwa mjanja atauliza: na zile za mbali kabisa, ambazo hata Gaia haioni zikisogea? Hapo kuna mwanamke, Henrietta Leavitt wa Marekani. Nahodha akija Dar usiku haujui mnara wa taa kwa ukubwa wake. Anaujua kwa mapigo, kwa kuhesabu sekunde kati ya mwako na mwako. Leavitt alizichunguza nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa siku kadhaa, bila kuchoka. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 za aina hiyo katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kwamba yenye mapigo ya polepole ndiyo yenye nuru kubwa. Basi unahesabu mapigo, unapata nuru halisi, unalinganisha na mng'ao unaokufikia, umbali unatoka. Ni hesabu ya Suheli ikirudi kinyumenyume.

Edwin Hubble aliikuta nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, galaksi nyingine kubwa, mwaka 1923, akapata umbali wa karibu miaka 900,000 ya nuru. Leo ni kama milioni 2.5. Mwenzako atashangilia: si unaona, wanabuni! Asubiri. Mwaka 1952 Walter Baade alitangaza kwamba nyota hizo za mapigo ziko aina mbili, nao walikuwa wakizipima kwa rula moja. Bikoni ya kwanza ilikuwa imekaa vibaya, na viwanja vyote vilivyotegemea bikoni hiyo vikahama pamoja. Mimi na Mbezi yangu tunalielewa hilo vizuri sana. Anayebuni hana bikoni ya kurudia.

Nyota ile nyekundu begani mwa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu wanaliita Orion, yaani Ibuti la Jauza, au Betelgeuse, mpaka leo umbali wake unabishaniwa, karibu miaka 500 wengine wakisema 700. Imevimba kiasi kwamba uso wake ni mpana kuliko msogeo wanaoutafuta, tena unachemka. Ni kama kulenga moto wa kuni badala ya nguzo.

Wekundu wake usikudanganye kama bomba la hotelini. Angani nyekundu ndiyo ya baridi, nyuzijoto 3,200 hivi za Selsiasi, Jua letu ni kama 5,500, na Rijili, ya buluu mguuni mwa Jabari huyohuyo, inakaribia 12,000. Mhunzi yeyote anajua: chuma huanza chekundu, kikizidi moto kinaelekea weupe.

Lakini nyota zimeumbwa na nini? Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Ufaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba hilo binadamu hatalijua kamwe. Jibu mama yako huliona kila wali ukifurika kwenye jiko la gesi: maji ya chumvi yakigusa moto wa buluu, unageuka manjano. Hiyo ni sodiamu iliyo ndani ya chumvi, na manjano yake ni ileile jikoni kwetu au mbinguni. Kila elementi ina rangi zake, kama alama za vidole. Fundi vioo Joseph Fraunhofer alipoupitisha mwanga wa Jua kwenye kioo chake mwaka 1814 aliona upinde wa rangi umekatwa na mistari myeusi mamia. Hakujua ni nini. Kirchhoff na Bunsen, kule Heidelberg, wakaisoma miaka ya 1859 na 1860: kila mstari ni elementi iliyomeza rangi yake njiani. Comte alikuwa amefariki miaka miwili tu kabla.

Na hapa nataka usome taratibu, binti yangu, kwa sababu ni la msichana wa miaka 25. Mwaka 1925 Cecilia Payne, Mwingereza aliyekuwa Harvard, aliisoma mistari hiyo kwa hesabu mpya akakuta nyota zimeumbwa kwa haidrojeni na heliamu karibu tupu. Wakubwa waliamini zimeumbwa kama Dunia, chuma na mengineyo. Henry Norris Russell, bingwa wa wakati huo, akamwambia haiwezekani, na Payne akaandika ndani ya tasnifu yake mwenyewe kwamba matokeo yale huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifika palepale kwa njia yake, akakubali kwamba Payne ndiye aliyetangulia. Kipimo kilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Ukiwa na vitabu vya hesabu vilivyokaa sawa na bosi anasema haiwezekani, unajua nakwambia nini.

Kilimia nacho, kile kikundi cha nyota cha bibi yako, "kikizama kwa jua huzuka kwa mvua", kilizua ugomvi. Mwaka 1997 chombo kimoja kilisema kiko karibu miaka 390 ya nuru, vipimo vingine vikasema 440. Gaia ikapima upya, na 440 ikasimama.

Umesema utakuja Pasaka tukaone pamoja. Usije Pasaka. Pasaka kila mwaka hufuata mwezi mpevu, na mbalamwezi ikiwaka hakuna nyota wala wavuvi wa dagaa. Njoo wiki mbili baada ya mwezi mpevu huo, giza likiingia, na masika yakitupa hata usiku mmoja bila mawingu. Shira na Suheli utaziona jioni, na ukivumilia hadi saa nne usiku, Rijili Kantori ya Henderson itakuwa imepanda kusini. Mlete na huyo mwenzako. Tepu ipo stoo, nitampa yeye aibebe.

Mama yako anasema zabibu zikiwepo usisahau.

Baba yako