Mwanangu Aguse au Asiguse?

SWALI

Assalaam aleikum, Mhariri. Mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, nitasafiri na mama mkwe wangu pamoja na wanangu watatu, wenye miaka 9, 6 na 2, kwenda kumzuru shemeji yangu anayeishi Boston, Marekani. Shemeji ameahidi kutupeleka katika makumbusho ya watoto, ambako anasema kila kitu huguswa. Mimi nimezoea kuwapeleka wanangu makumbusho yetu hapa Lamu nikiwa nimewashika mikono tangu tunapoingia mpaka tunapotoka, na mama mkwe wangu anasema mahali pa kugusagusa si makumbusho bali ni uwanja wa michezo wa kulipia. Je, watapata cha kujifunza kweli? Nami niwaongoze vipi watoto watatu wa umri mbalimbali?

Mama wa Watatu, Langoni, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, Mama wa Watatu. Umefanya vyema kuwashika mikono, na mtakaporudi uendelee kuwashika, kwa kuwa siwa zetu, yaani yale mabaragumu makubwa ya kale, ya shaba na ya pembe za ndovu, hazina za kuzibadili zikiharibika. Jasho la kiganja lina chumvi na mafuta, navyo hula shaba polepole kama upepo wa bahari unavyokula bawaba za madirisha yetu. Katika makumbusho ya watoto, vitu vingi viliwekwa tangu mwanzo ili vitumike, vichakae na vibadilishwe.

Makumbusho ya kwanza ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899, na haya ya Boston yakaanzishwa na walimu wa sayansi mwaka 1913. Kwa miaka mingi nayo yalikuwa na makabati ya vioo kama mengineyo. Aliyeyageuza ni Michael Spock, aliyeshika uongozi mwaka 1962, mtu ambaye yeye mwenyewe utotoni alipata taabu kubwa ya kusoma, na kwa hiyo alijua kwamba maelezo yaliyobandikwa ukutani si mlango wa kila mtoto. Katika mojawapo ya maonyesho yake ya awali, vitu vya kila siku vilikatwa katikati ili watoto waone kilichomo ndani.

Kuhusu mama mkwe wako, nusu ya maneno yake ni kweli, kwani mchezo upo. Ila ni mchezo uliotegwa. Niliwahi kusimama kando ya beseni la maji ya sabuni katika makumbusho ya aina hii, nikimtazama mtoto wa dada yangu aliyechagua waya wenye pembe tatu, akauchovya, akaupunga, kikatoka kiputo cha mviringo. Akaukagua ule waya kana kwamba umemdanganya. Akachukua wa pembe nne, kikatoka cha mviringo vilevile, na hapo akakaa kimya kwa muda ambao sijapata kumwona akikaa kimya nyumbani. Utando wa sabuni hujivuta pande zote ili upungue kadiri uwezavyo, na hakuna umbo linalobeba hewa ileile kwa utando mdogo zaidi kuliko tufe. Nilikuwa na maelezo hayo mdomoni, nikayameza, kwa sababu lau ningeyatoa angeuweka waya chini na kuniitikia tu kwa adabu. Boston nako kuna sehemu ya viputo. Mkifika, jizuie hivyo hivyo mpaka mtoto aulize mwenyewe.

Huo ndio ushauri wangu mkubwa, na ni mgumu kwa watu wazima, ambao tukishalipa kiingilio tunataka watoto wamalize kila chumba kama wanaomaliza sinia ya pilau. Mtoto akitaka kukaa mahali pamoja saa nzima, mwache akae. Chagueni sehemu mbili au tatu, kisha mtoke kabla hawajaanza kulia kwa uchovu.

Wa miaka 9 hutampata chini, kwa kuwa kuna jengo la kupanda linalofikia ghorofa tatu, na kwa mtoto aliyezoea kuparamia milingoti ya mashua hilo halina haja ya maelezo. Wa miaka 2 ana chumba chake cha watoto walio chini ya miaka 3, na ni afadhali shemeji yako akae naye humo kwa zamu nawe, wakubwa wasije wakamkanyaga. Wa miaka 6 mwache afuatane na bibi yake, nao waanzie kwenye nyumba ya Kijapani.

Nyumba hiyo si ya kuigiza. Ni nyumba halisi iliyoletwa kutoka Kyoto, mji ambao umeunganishwa na Boston kwa udugu wa miji, ikajengwa upya ndani ya makumbusho, na mgeni huvua viatu kabla ya kukanyaga mikeka yake. Bibi aliyekulia Lamu hatahitaji kufundishwa hilo, na nadhani atakuwa na mengi ya kumwambia mjukuu wake kuhusu daka letu, ambapo mgeni husubiri, na zidaka zetu, ambamo vyombo vya kauri hupangwa. Kabla ya safari, wapeleke wote wawili katika ile nyumba ya kale ya Waswahili iliyo makumbusho hapo mjini kwenu, ili wawe na cha kulinganisha.

Beba nguo za kubadili kwa kila mtoto, maana nguo zilizolowa maji ya sabuni katika baridi ya Desemba zitawatesa. Kuhusu gharama, maktaba nyingi za umma katika jimbo la Massachusetts huwapa wanachama wake pasi za makumbusho zinazopunguza bei, lakini hizo huwekwa nafasi mapema na huisha haraka wakati wa likizo, kwa hiyo mwambie shemeji yako aende maktaba ya mtaa wake kabla ninyi hamjapanda ndege pale Manda.