Gemu yako ya kwanza ya risasi iwe Space Invaders

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi kutengeneza gemu huwa wameshapanga vita vya watu mia mtandaoni. Jibu langu halibadiliki: tengeneza kwanza Space Invaders, ile ya kampuni ya Taito ya Japani, iliyotoka 1978, ambayo mchezaji akiwa chini ya skrini hupiga risasi wavamizi wa angani wanaomshukia kwa safu. Na usiige picha tu, fuata ilivyofanya kazi ndani.

Tomohiro Nishikado aliiunda karibu peke yake, michoro, programu, hadi mitambo yenyewe. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, Intel 8080, ilikuwa ya megahezi 2, na wavamizi walikuwa 55, safu 5 za 11 kila moja. Haikuweza kuwasogeza wote kwa mpigo, hivyo kila fremu (kila skrini inapochorwa upya, mara 60 kwa sekunde) alisogea mmoja tu. Wakiwa kamili, jeshi lilihitaji karibu sekunde nzima kupiga hatua moja. Wakibaki 5, wanapiga hatua 12 kwa sekunde hiyohiyo. Kasi ile inayomtoa mchezaji jasho ilizaliwa na udhaifu wa mashine. Nishikado aliiona, akaipenda, akaiacha.

Mafunzo mengi yatakwambia uwasogeze wote pamoja, halafu uongeze namba ya kasi. Achana nayo. Sogeza mmoja kwa kila fremu. Nilipoandika yangu hivyo, safu zilianza kutambaa kwa mawimbi, na suala la ugumu wa mchezo likajimaliza lenyewe. Sauti nayo ifungamanishe na mwendo huo: noti 4 nzito zinazojirudia, zikiharakishwa kadiri maadui wanavyopungua.

Jambo la pili ni risasi. Mchezaji awe na moja tu hewani. Nyingine isitoke mpaka ya kwanza ipige au ipotee juu. Marafiki niliowapa wajaribu walinung'unika, wakadai risasi mfululizo. Nikawawekea. Hawakukaa nayo muda, kwa sababu kukosa shabaha hakukuwa tena na gharama yoyote.

Rangi zisikusumbue. Skrini ya asili ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikabandikwa plastiki za rangi juu yake, na watu walipanga foleni vilevile.

Ngao 4 za chini, zile mchezaji anazojificha nyuma yake, ziache mwisho, maana ndizo zenye kazi: lazima zimeguke kidogokidogo, nukta kwa nukta, na risasi za mchezaji mwenyewe zizitoboe pia.