Lady yupi ni yupi? Maswali na majibu kuhusu vyeo vya wanawake wa Uingereza

Ngazi zenyewe ni zipi?

Ni tano. Kutoka juu: Duchess, Marchioness, Countess, Viscountess na Baroness. Wengi huvipata kwa ndoa. Mke wa Duke ni Duchess, wa Marquess ni Marchioness, wa Earl ni Countess. Ila katika mazungumzo, wote walio chini ya Duchess huitwa Lady tu. Ndiyo maana wake wa akina Delamere wa Kenya, ambao ni Mabaron, walijulikana kama Lady Delamere.

Lady Diana na Lady Thatcher: cheo ni kimoja?

Hapana, na hapa ndipo magazeti hukosea kila siku. Tazama jina linalofuata. Lady pamoja na jina la mtu mwenyewe ni binti wa Duke, Marquess au Earl. Diana alianza kuitwa hivyo mwaka 1975, baba yake aliporithi cheo cha Earl Spencer. Lady pamoja na jina la ukoo au la cheo hutokana na mume, au ni cheo cha mwanamke mwenyewe. Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipitia kote kuwili: Desemba 1990 mumewe alipewa cheo cha baronet (Sir wa kurithi, chini ya Baron), naye akawa Lady Thatcher, mwaka 1992 akapewa cheo chake cha maisha (kisichorithiwa), Baroness. Ukiandika "Lady Margaret Thatcher" umemfanya binti wa Earl, na baba yake alikuwa na duka la vyakula Grantham.

Akiachika anavuliwa cheo?

Cha kuzaliwa hakivuliwi. Idina Sackville, aliyeishi Kenya, alikuwa binti wa Earl De La Warr. Aliolewa mara tano, akawa Countess wa Erroll kati ya 1928 na 1930, na baada ya talaka akarudia Lady Idina yake. Cha ndoa ndicho hubadilika: mtalaka hutanguliza jina lake mbele ya cheo, kama mtalaka wa Andrew, Duke of York, alivyoitwa "Sarah, Duchess of York" baada ya talaka ya 1996. Kwa desturi, akiolewa tena hukiacha.

Binti anaweza kurithi?

Mara nyingi hapana. Sheria ya 2013 iliyomsawazisha binti na mwana inahusu kiti cha enzi peke yake. Lakini baadhi ya vyeo vya kale vya Scotland humpa binti asipokuwepo mwana. Earl wa Erroll, yule aliyekuwa mume wa Idina, alipouawa karibu na Nairobi Januari 1941, binti yake Diana Hay akawa Countess wa Erroll kwa haki yake. Cheo kingine cha baba huyohuyo, Baron Kilmarnock, hakikuruhusu mwanamke, kikaenda kwa ndugu wa kiume wa marehemu. Kwa baadhi ya vyeo vya kale vya Baron huko England, mabinti wakiwa wawili au zaidi wana haki sawa, hivyo cheo huning'inia bila mwenyewe, pengine karne nzima.

Dame naye?

Huyo si kabaila. Dame ni sawa na Sir, na hufuatwa na jina lake mwenyewe: mwigizaji Judi Dench ni Dame Judi, si "Dame Dench". Mume wake hapati kitu. Wa Baroness vilevile.

Wanaingia bungeni?

Wenye vyeo vya maisha waliruhusiwa kuketi katika Bunge la Malodi mwaka 1958, waliorithi mwaka 1963, ingawa tangu 1999 kurithi peke yake hakumpi mtu kiti. Kuolewa na Lodi hakukupi kiti.