Barua kwa mwanangu: hio spidi ya Beethoven

Mwanangu, huku Kisumu tuko sawa, joto ni ile ile tu. Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza nani ako sawa, kondakta wenu anayeongoza okestra (huku nikisema kondakta watu wanafikiria wa matatu) anayetaka Simfoni ya Tano ya Beethoven ikimbie vile metronomu, ile mashine ya kugonga kuonyesha spidi, inasema, ama yule mzee wa chelo, ile fidla kubwa, aliyeapa hatacheza muziki kama mtu anafukuzwa na mbwa.

Hio vita haikuanzia kwa okestra yenu. Simfoni yenyewe ilipigwa mara ya kwanza Vienna 1808, na saa hio metronomu ya Maelzel haikuwa imetoka, ndio maana Beethoven alitoa namba zake 1817, miaka tisa baadaye, masikio nayo yameenda. Pale mwanzo ameandika 108, yaani bar (vile vipande vidogo vya muziki) 108 kwa dakika moja, hebu gonga meza na kidole uone. Wengine wanasema mzee alikuwa anasikia muziki wa kichwani tu, ambao hauhitaji mkono wala pumzi, na wengine wanasema mashine yake ilikuwa mbovu. Hio ya mashine siiamini sana, naona ni watu hawataki namba wanatafuta cha kulaumu, maana miaka ya 1980 kondakta Roger Norrington na okestra yake kule London walichukua vyombo vya kizamani vya nyuzi za utumbo wakafuata hizo namba na ikachezeka. Lakini nikisikiliza rekodi za yule kondakta wa zamani Furtwängler akienda polepole na ule uzito wake, aki siwezi sema amekosea.

Mimi ningeuliza ukumbi kwanza. Unakumbuka kwaya yetu tukiimba ndani ya kanisa ya mawe, sauti inabaki juu inazunguka, ukiharakisha maneno yanapandana hakuna mtu anashika kitu, halafu wimbo ule ule tunaupeleka matangani chini ya tenti, upepo wa ziwa unabeba kila kitu na tukivuta tunasikika kama tumelala.

Na usiache okestra juu ya hii. Mimi nilishagombana na mwalimu wa kwaya juu ya spidi nikakaa nyumbani Pasaka nzima, wakaimba bila mimi na ikatoka poa tu, hio ndio iliniuma. Kondakta Bernstein mwenyewe, Aprili 1962 pale New York, aligeukia watu kabla ya konseti akawaambia hakubaliani na vile mpiga piano Glenn Gould anataka kupiga ile konchato ya Brahms, muziki wa piano na okestra, polepole hivyo, halafu akageuka akaiongoza hadi mwisho.

Mwambie kondakta mfanye mazoezi moja hapo ukumbini kwenyewe, yule mzee wa chelo aende akae viti vya nyuma kabisa asikie kama zile noti tatu fupi za mwanzo wa simfoni zinafika ama zimekuwa uji. Na urekodi na simu unitumie, spidi zote mbili, usinitumie ile yako pekee.

Mamako