Maswali ya Wakulima: Mafuta ya karafuu dhidi ya ukungu

Nilitia vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya karafuu kwenye bomba la lita 20 nikapulizia nyanya zenye ubwiri unga. Mistari ya kwanza haikupona, ya mwisho imeungua. Dawa ni kali au haifanyi kazi? – Msomaji, Njoro

Mafuta hayakuchanganyika na maji, basi. Yalielea juu, na bomba hunyonya kutoka chini: mistari ya kwanza ikapata maji matupu, ya mwisho ikamwagiwa mafuta. Eujenoli, kemikali iliyo nyingi katika karafuu, huharibu utando wa seli za kuvu, ila haichagui. Ikizidi, hufanya vivyo hivyo kwa seli za jani; ndiyo maana katika nchi nyingine mafuta hayo huuzwa pia kama kiuagugu.

Anza na mililita 20 kwa bomba zima. Pima kwa sindano isiyo na ncha, vijiko vya jikoni havilingani. Kwenye chupa kavu, changanya mafuta na mililita 20 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tikisa, ndipo uongeze nusu lita ya maji vuguvugu huku ukitikisa hadi yawe meupe kama maziwa. Mimina kwenye bomba lililojaa nusu, kisha ujaze. Viduara vya mafuta vikijitokeza juu ndani ya dakika 10, sabuni haikutosha. Ongeza mililita 10. Hata yakikubali, tikisa bomba kila baada ya mistari michache.

Jaribu mimea mitano kwanza, ungoje siku mbili. Pulizia kama saa kumi alasiri, jua limepoa lakini majani yatawahi kukauka kabla ya giza, na usisahau upande wa chini wa jani. Rudia kila siku 5 hadi 7, kwani mafuta haya huruka hewani. Kama ulipulizia salfa, subiri wiki mbili, la sivyo majani yataungua tena. Vaa glavu na miwani. Bomba lisuuzwe siku hiyohiyo. Karafuu huharibu mipira ya vali.

Yatazuia bakajani chelewa kwenye viazi? – Msomaji, Molo

Usiyategemee. Kimelea chake, Phytophthora infestans, si hata kuvu halisi, na baridi yenye unyevu ya Molo ndiyo karamu yake. Mvua moja huosha mafuta, na shamba laweza kuteketea kwa siku chache. Tumia dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za kilimo, kabla dalili hazijaonekana. Aina ya viazi ya Shangi hushikwa upesi. Aina ya Sherekea huvumilia zaidi.

Nina mchaichai mwingi. Nikichemsha majani nipulizie maji yake, si ni yaleyale? – Msomaji, Kakamega

Hiyo ni chai. Ukichemsha sufuria wazi, mafuta huondoka na mvuke, na harufu inayojaa jikoni ndiyo dawa yako inayopotea. Lazima mvuke unaswe na kupozwa kwenye mtambo wa kukeneka, na kilo 100 za majani mabichi kwa kawaida hazitoi hata nusu lita. Kwa robo ekari, nunua tu.

Ukinunua, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uiache hadi kesho yake. Doa la mafuta likibaki, huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Mwarobaini haupimwi hivyo: mafuta yake hukamuliwa kutoka kwenye mbegu, kwa hiyo doa litabaki hata yakiwa safi.