Wundt, Freud na Watson wananichanganya: jibu
Mdogo wangu wa ualimu hapo Tabora, umeniuliza namna ya kuwatofautisha hawa watatu wa saikolojia, na kama umtafsirie ndoto mwenzako wa bwenini asiyepata usingizi. Kuwachanganya si ajabu, hata mimi walinitoa jasho. Usikariri majina, fuata ugomvi wao. Mwaka 1879 Wundt alifungua maabara Leipzig, watu wakieleza wanachokihisi ndani yao. Watson, 1913, akakataa: tuchunguze tabia inayoonekana tu. Mbwa wangu hudondosha mate nikigonga sufuria, hata ikiwa tupu. Amezoea kuwa sauti hiyo huja na chakula. Hilo ndilo alilolichunguza Pavlov, mwanasayansi wa Urusi ambaye Watson alimwegemea. Baadaye wanasaikolojia wengine wakarudi kuchunguza kumbukumbu na fikra. Freud mweke pembeni, yeye alianzia kwa wagonjwa, akitafsiri hata ndoto zao.

Ila kumtafsiria ndoto mwenzako wa bwenini, acha! Kama kweli wiki ya pili hii hapati usingizi, mpeleke hospitali ya Kitete akamwone daktari.